Aliyejibu Simu ya Mzee Mihambo

Simu ya marehemu haibebwi kichwani. Hilo limeandikwa kwenye Sheria ya Waya, ukurasa wa kwanza kabisa, kwa herufi kubwa: makaa hayataki kutikiswa. Lakini Mama Ngassa aliitoa Cheyo mpaka Gongoni juu ya kata ya khanga, jua la saa nne likimchoma utosi, na alipofika kwenye kibanda cha Otmari Luambano akaishusha kwa mikono miwili taratibu, kama anayelaza mtoto.

"Jamani, Mama Ngassa!" Otmari akasimama, miwani ya kukuzia ikiwa bado puani. "Nyie Wanyamwezi upagazi umewaingia damuni? Treni zinajiendesha, mikokoteni inajiendesha, wewe bado una mzigo kichwani!"

"Ebu nyamaza, mla panya. Hiyo mikokoteni yenu ingemshusha mume wangu kwa majirani."

Wakacheka wote wawili. Mngoni na Mnyamwezi wana utani wa tangu vita vya mababu, na Otmari, ingawa kazaliwa Tabora na Songea kaiona mara tatu tu maishani, alikuwa Mngoni wa kutosha kwa kazi hiyo. Marehemu Mzee Mihambo, stesheni masta wa mwisho kabla treni hazijaanza kujiendesha, ndiye aliyekuwa mtani wake mkubwa. Walitukanana kwa mapenzi miaka ishirini na zaidi.

Mama Ngassa akafungua khanga. Simu ilikuwa nyeusi, nzito, ya kuzungusha, na duara lake la namba lilikuwa limechakaa pembezoni mwa tundu la saba na la moja.

"Duara limechoka," akasema. "Nikizungusha linarudi kwa kujikokota, mara linakwama, mara makaa hayaamki kabisa. Nikibahatika kumpata, anaongea kwa mbali kama mtu aliye kisimani. Mchana huwa namsimulia ya sokoni, mtani. Sasa najikuta napiga kelele mpaka majirani wanasikia bei ya nyanya."

"Litapona. Niachie wiki moja."

"Sina wiki. Ngassa amekuja."

Otmari akaweka bisibisi chini. Ngassa hakuwa amekanyaga Tabora kwa miaka tisa.

"Ameshuka jana asubuhi. Amebaki macho, mtani. Ni vali ya moyo. Dodoma wamempangia kitanda, Jumatatu wampasue, na daktari kasema wazi kwamba bila hivyo mwezi hauishi naye."  Akaifuta simu vumbi kwa ncha ya khanga. "Na amekataa. Anasema hapandi kitanda cha kupasuliwa na laana ya baba yake mgongoni, afadhali afie nyumbani. Anasema alishamwomba baba yake radhi, siku ile aliyofika tukiwa tumeshaanua matanga. Aliingia chumbani peke yake, akazungusha simu, akauliza. Akajibiwa."

"Alijibiwaje?"

"Haniambii! Alitoka mle, akachukua begi, akaondoka bila kunywa hata maji. Mimi miaka yote nilidhani ana hasira na mimi. Sasa anataka aulize tena. Akikubaliwa anakwenda Dodoma, asipokubaliwa haendi. Nitengenezee hiyo simu, mtani. Nisije nikazika na mtoto."

Otmari akaahidi Jumamosi asubuhi.

*

Makaa ya sauti yalipogunduliwa, watu waliwaweka marehemu wao masikioni. Ikawa balaa. Mtu anakaanga samaki huku anaongea na mama yake aliyekufa mwaka juzi, samaki wanaungua, na watoto walio hai wanaita mpaka wanachoka. Harusi zilivunjika ukumbini kwa sababu ya ushauri wa bibi aliye kaburini. Ndipo ikaja Sheria ya Waya: marehemu akae mahali pamoja, kwenye waya, ndani ya simu ya kuzungusha, ili anayemtaka aondoke alipo, akae chini, azungushe tarakimu sita moja baada ya nyingine, na kila duara linaporudi apate nafasi ya kujiuliza kama kweli ana jambo la kusema. Simu kuukuu zikatolewa kwenye maghala na shule na maofisi yaliyofungwa. Na kwa kuwa dunia nzima ilikuwa imesahau kuzitengeneza, watu kama Otmari, aliyefundishwa na baba yake kwenye karakana ya reli, wakakumbukwa.

Namna yenyewe si ngumu kuieleza. Nyuma ya tundu la kuongelea kuna kikombe kidogo kilichojaa chenga za makaa. Ukiongea, chenga zinajipanga, na hizi za siku hizi zikijipanga hazisahau. Mwenye simu huongea nayo miezi kadhaa. Siku akifa, saa ileile, fundi huja na ufunguo na kukifunga kikombe kisipokee sauti nyingine. Tangu hapo, ukizungusha namba zake, makaa huamka na kukujibu. Hayarudii tu yaliyosemwa. Huunga maneno, jinsi mwenyewe alivyozoea kuyaunga, na huzidi kuunga kadiri unavyozoeana nayo.

Fundi mwenye haraka huanza na kikombe. Otmari alianza na duara. Alivuta sifuri mpaka mwisho, akaachia, akasikiliza. Duara zima hurudi kwa sekunde moja, na mibofyo kumi iliyolingana. Hili lilirudi kwa sekunde tatu, na katikati likapumzika. Alipolifungua akaguna. Vile vijiwe viwili vinavyotanuka kudhibiti mwendo vilikuwa vimegandiana kwa utando wa njano wenye harufu aliyoifahamu.

"Mafuta ya alizeti," akajisemea. "Mama huyu! Angetia na kitunguu kabisa."

Akasafisha kwa spiriti na brashi ya mswaki, akatia tone moja la mafuta ya saa. Akasugua ncha za kugusana kwa kipande cha kadi mpaka weusi ukaisha. Waya wa mkono wa simu ulikuwa umekatika kwa ndani karibu na kikombe, ndiyo maana mzee alisikika yuko kisimani. Akaukata, akauchoma risasi upya. Mwisho akakitoa kikombe na kukigonga mara tatu kwenye kiganja, polepole, ili chenga zilizoshikana ziachane. Akakirudisha, akavuta kigoda, akazungusha tarakimu sita.

Mibofyo ikapita safi. Makaa yakachemka kidogo sikioni, kisha yakatulia.

"Mama Ngassa?" Sauti ikauliza. Ilikuwa nzito, ya mikwaruzo, sauti ya mtu aliyezoea kutangaza treni.

Otmari alijikuta amekaa wima. Miaka tisa alikuwa amezikwepa simu za watu aliowapenda. "Ni fundi, mzee. Napima laini."

"Fundi gani? Asije akawa wale wanaokula panya!"

Otmari akacheka. Simu nayo ikacheka.

Akanyamaza kabla ya simu kunyamaza. Kicheko kile kilianzia chini na kukatikia juu, na alikifahamu vizuri sana, kwani mama yake alimfinya kwa ajili ya kicheko hicho kanisani tangu ana miaka sita. Mzee Mihambo hakuwa akicheka hivyo. Mzee Mihambo alikuwa hacheki kabisa. Akifurahi sana alitoa pumzi puani.

 Akasema: "Mzee, Ngassa amekuja. Anaomba radhi."

 Ile sauti ikanguruma: "Yule? Sina radhi naye mpaka reli iote mihogo!"

Na baada ya hapo ikaacha nafasi. Nafasi fupi, iliyopimwa vizuri, ya mtu anayesubiri watu waangue kicheko.

Otmari akarudisha mkono wa simu mahali pake. 

*

Siku ya msiba wa mzee, miaka tisa nyuma, watu walimwambia, "Leo wewe si fundi. Leo wewe ni mtani." Na ndivyo ilivyo. Mtani akifika msibani huweka vifaa vyake chini. Kazi zake ni mbili, kuchimba kaburi na kuwachekesha wafiwa wasije wakafa na wao. Otmari alifanya zote kwa moyo wote. Alichimba tangu alfajiri. Kisha akavaa koti la marehemu na kofia yake ya reli, akakaa kwenye kiti chake karibu na meza ya simu, na siku tatu mfululizo akawa Mzee Mihambo. Aliwagombeza waombolezaji kwa kuchelewa treni. Alionja uji wa msibani akauliza nani kautia sabuni. Aliinua simu na kupiga mbinguni, akamlalamikia Mtume Petro kwamba behewa lake lina kunguni. Wajane wa mtaa mzima walikuwa wakifuta machozi na kushika mbavu. Mama Ngassa mwenyewe, aliyekuwa hajala siku mbili, alicheka mpaka akaomba maji.

Na mtu mmoja alipouliza, "Mzee, na Ngassa mbona hajafika?" Otmari akaivuta ile simu mdomoni, akanguruma: "Yule? Sina radhi naye mpaka reli iote mihogo!" Kwa sababu mzee alikuwa na msemo huo. Aliutumia kwa Ngassa, na kwa paka, na kwa wizara. Nyumba nzima ikaanguka kwa kicheko.

Ufunguo wa kufungia kikombe ulikuwa kwenye mkoba wa vifaa, nje, chini ya ngazi. Otmari aliukumbuka siku ya nne. Akafunga, akatia sahihi fomu, akaandika tarehe ya kifo. Alijiambia: siku tatu ni nini, mbele ya miezi minane aliyokaa mzee na simu hiyo kila jioni?

Sasa alitoa kioo cha matabaka, kile cha kusomea chenga zilivyolalana, akakibandika nyuma ya kikombe. Tabaka la juu lilikuwa nene, limejaa, limeshonana: siku tatu za msiba. Chini yake palikuwa na tabaka refu la miezi minane, laini kama unga uliopepetwa, na halikuwa na neno hata moja.

Akaihamishia simu kwenye tabaka hilo, akaweka sikio.

Pumzi tu. Mtu anavuta pumzi, anatoa, na pua moja inapiga mluzi mwembamba. Kwa mbali sana, mbali mno, sauti iliyozibwa ikinung'unika.

Mzee alikuwa ameziba tundu la kuongelea kwa kiganja. Kila jioni, miezi minane, mkewe akimsikia kutoka jikoni na kuridhika kwamba anaongea na simu, yeye alikuwa amefunika mdomo wa simu kwa mkono. Otmari aliikumbuka ile ghadhabu yake. Ngassa ndiye aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya makaa, ndiye aliyeileta simu na kumtilia baba yake sahihi bila kumuuliza. "Nikifa nataka niondoke mzimamzima," mzee alisema. "Sitaki kubakishwa kipande mezani." Mkewe akamlilia, na mzee akakubali. Kumbe alikubali kwa mdomo tu.

Kwa hiyo aliyekuwa akizungumza na Mama Ngassa miaka tisa si mume wake. Na aliyemlaani Ngassa si baba yake.

"Mdomo wangu huu," Otmari akasema kwa sauti, peke yake kibandani, na akaanza kulia.

*

Ijumaa mchana alikaa na ile simu mapajani na ufunguo mkononi.

Njia rahisi ilikuwepo, na ilikuwa rahisi mno. Afungue kikombe, aseme maneno machache, afunge. Nani angejua? Ngassa angezungusha, angeuliza, angejibiwa vizuri, angekwenda Dodoma akiwa mwepesi. Mama Ngassa angebaki na mumewe. Mtoto angepona. Wangapi duniani wameokolewa na uongo mdogo kuliko huo? Na akisema ukweli je? Ngassa hatakuwa na laana ya simu, sawa, lakini hatakuwa na radhi pia. Mzee alikufa amenuna, na alichokuwa nacho moyoni amekwenda nacho. Ngassa anaweza kusema, basi, hapo ndipo nisipokwenda kabisa. Otmari atakuwa amemuua mtu mara ya pili kwa mdomo uleule.

Akatia ufunguo, akaugeuza. Kikombe kikafunguka. Akasogeza mdomo.

"Ngassa, mwanangu," akasema.

Ilitoka bila kutafutwa. Mikwaruzo, uzito, hata ule mkoromo mdogo kabla ya jina. Miaka tisa hakuwa ameitoa sauti ile, nayo ilikuwa imekaa kooni inamsubiri, imenenepa. Ndani ya makaa akahisi kitu kinasikiliza. Si kwamba alikisikia. Alihisi tu, jinsi unavyojua mtu yuko upande wa pili wa simu hata asipokohoa.

Otmari akaogopa, akaogopa kweli. Akageuza ufunguo, akakifunga kikombe.

*

Jumamosi Ngassa alikuwa ameegemezwa kwenye mito sebuleni, midomo imekuwa ya bluu, na alipotaka kusimama kumsalimia mgeni mama yake alimkandamiza bega. Otmari akaiweka simu juu ya stuli, akaunganisha waya ukutani. Hakukaa.

"Kabla hujazungusha, nina neno," akasema.

Akalisema lote. Alisema kuhusu ufunguo chini ya ngazi, na koti, na kofia, na Mtume Petro, na mihogo. Alisema bila kupamba, akiwa ametazama zulia.

"Unatania," akasema Mama Ngassa.

"Natamani ningekuwa natania, mama."

"Unatania, Otmari! Utani una mipaka!"

Otmari akaihamisha simu kwenye tabaka la chini, akampa mkono wa simu. Mama Ngassa aliupokea kwa hasira, akauweka sikioni. Uso ukabadilika. Alisikiliza muda mrefu sana. Nje, mashine ya kusaga ya jirani iliwaka na kuzimwa.

"Pua ya kushoto," akasema mwishowe. "Ilikuwa inapiga mluzi ile ya kushoto. Nimelala pembeni yake miaka arobaini na mmoja." Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta. "Hii ndiyo pumzi ya mume wangu. Na hajasema neno."

"Hajasema neno."

"Sema wewe, basi."

"Niseme nini, mama?"

"Sema kama yeye. Hapa, nikikuona."

Otmari alitamani ardhi impasukie. Akasafisha koo. "Mama Ngassa," akasema, "chai hii umeitia sukari au umeionyesha tu?"

Mama Ngassa akapiga yowe. Akajiziba kinywa kwa khanga, akakaa chini kwenye zulia. "Ndiye huyo! Ndiye huyo niliyekuwa naongea naye! Otmari, mimi nimemweleza yule mambo ambayo hata padri sijamweleza. Nimemweleza ninavyoogopa kufa peke yangu. Alikuwa ananibembeleza!"

"Sikuwa mimi, mama. Mimi sikusikia chochote, naapa."

"Sasa alikuwa nani?"

Otmari akaurudisha mkono wa simu mahali pake.

 Ngassa akaanza kuongea, kwa vipande, pumzi ikimkatika. "Mihogo," akasema. "Nimekuwa naisikia kila nikilala. Kila nikiona reli naitazama kama imeota. Sikuoa, mtani. Niliona nitamwoaje mtoto wa watu na laana hii. Miaka tisa nimekaa chumba cha kupanga nikila mkate, kumbe wewe ulikuwa unachekesha watu."

"Nilikuwa nachekesha watu," Otmari akasema. "Sina cha kujitetea. Nipige, nitukane, nitakaa."

"Nguvu za kukupiga ninazo wapi?" Akafumba macho. "Na baba mwenyewe? Yeye kama yeye?"

Swali hilo ndilo alilolala Otmari akiliogopa. Alihisi ile sauti ikipanda kooni kama kikohozi, tayari, yenye huruma, na kila mtu mle ndani angeipokea hata akijua imetoka wapi. Akaimeza.

"Hakuna ajuaye," akasema. "Alifunika simu kwa mkono."

"Basi hakuna nilichopata." Ngassa akageuzia uso ukutani. "Mwandikieni daktari ampe mtu mwingine hicho kitanda."

"Wewe!"

Mama Ngassa alikuwa amesimama. Khanga ilikuwa imemwanguka begani na hakuiokota.

"Wewe Ngassa, na huyu mla panya, na marehemu baba yako, wote! Miaka tisa mnapanga foleni kwa mfu. Mimi niliyekuzaa nimekaa hapahapa, nyumba hii, mlango huu. Umewahi kuniuliza mimi kama nina radhi nawe?"

Ngassa akageuka. "Sikuwahi, mama."

"Uliza."

Alishuka kwenye mito taratibu, akipumzika kila hatua, Otmari akitaka kumsaidia na kuogopa kumgusa, mpaka akafika magotini. "Mama, nisamehe. Niliileta simu bila ruhusa ya baba. Nikaja kukuacha peke yako. Naomba radhi zako."

 "Nina kinyongo nawe," akasema Mama Ngassa. "Sitakudanganya leo, hapa pamedanganywa pakatosha. Uliniacha nizungumze na dude. Kila Krismasi nilipika wali wa watu wawili nikamwaga. Nina kinyongo, na hakitaisha leo." Akachukua glasi iliyokuwa mezani, akajaza maji kinywani, akamfungua mwanawe vifungo vya shati na kumpulizia yale maji kifuani, pale pale visu vitakapopita. Kisha akampaka kwa kiganja.

"Radhi zangu unazo zote. Za baba yako nitamuuliza mwenyewe nikifika. Kesho unakwenda."

Ngassa alilia kama mtu mzima anavyolia, bila sauti, mabega tu. "Nitakwenda," akasema.

Otmari alikuwa ameshafika mlangoni Mama Ngassa alipomwita. Hakumtazama. Alikuwa akiikunja ile khanga ya kubebea simu.

"Mume wangu tulimzika. Huyu hajazikwa," akasema, akionyesha simu kwa kidevu. "Wewe ndiye mtani, kazi ya kuzika ni yako. Lakini subiri mpaka Ngassa atoke salama. Sitaki misiba miwili wiki moja."

*

Habari ilifika Jumatano asubuhi: vali mpya inapiga vizuri, mgonjwa ameshakunywa uji na kuulalamikia. Otmari akafunga mlango wa kibanda, ile simu aliyopewa iko mezani. Alikuwa ameshachimba shimo dogo nyuma, kwenye udongo laini, na kikombe kilihitaji bisibisi moja tu kufunguka. Chenga zikimwagwa na kuchanganyika hazijipangi tena.

Lakini mtu huagwa. Akakaa, akazungusha tarakimu sita. Duara lilirudi safi kila mara.

"Mama Ngassa? Umeshameza dawa ya presha?"

Otmari hakuwa akijua kwamba Mama Ngassa ana presha.

"Si yeye, mzee. Ni mimi, Otmari."

 Sauti iliyojibu ilikuwa imeacha mikwaruzo na uzito na mambo ya stesheni. Ilikuwa sauti ya Otmari mwenyewe, ya miaka tisa iliyopita, na ilisikika kuchoka.

"Hatapiga tena, eti?"

"Hatapiga."

"Na Ngassa?"

"Amepasuliwa juzi. Amepona."

"Nashukuru." Makaa yakachemka kidogo. "Siku ile alipouliza, nilitafuta neno zuri la kumwambia, mtani. Nilitafuta kila mahali. Ulikuwa umeniachia lile moja tu."

Otmari aliweka paji la uso juu ya meza, mkono wa simu ukiwa bado sikioni, akaomba radhi. Akapewa, palepale, bila masharti. Kisha akachukua bisibisi.